Kisanduku cha Kumi na Nne

Swali la kumi na tatu lilikuwa jepesi:
una leseni ya udereva? Ninayo.
La kumi na nne likanikwama kooni kama mwiba wa samaki.
Je, umewahi kuhukumiwa na mahakama kwa deni usilolipa?
Kama ndiyo, eleza. Herufi zisizidi mia mbili.

Mia mbili!
Jina la kampuni iliyonishtaki, na anwani yake,
lingemeza nusu.

Saa tano usiku, Swansea, mvua ya tangu Jumanne.
Macsen amelala na kiatu kimoja.
Kompyuta iko juu ya meza ya jikoni,
palepale nilipokuwa nikizificha zile barua
chini ya kikapu cha mkate,
nikiamini bahasha isiyochanwa haina neno ndani.

Deni na mwanangu ni marika.
Wiki niliyojifungua, kiwanda cha chuma
kilimrudisha Gethin nyumbani
na viatu vyake vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki.
Nikachukua kwa mkopo mashine ya kufulia,
kitanda, na kigari cha mtoto cha magurudumu matatu
(kwenye kile kigari palikuwa na majivuno, nakiri).
Mimi sikukopa harusi. Nilikopa nepi.
Matanga nikayalipa vilevile.

Hukumu ilitoka Macsen ana miezi kumi,
amesimama mara ya kwanza, ameshika mlango wa ile mashine.
Gethin hakuwapo kuona. Alikuwa Bristol, akitafuta kazi,
na hadi leo nadhani bado anaitafuta.

Dawa ya deni kulipa, haya,
nimeinywa:
pauni arobaini kila mwezi, miezi arobaini na saba,
na mwezi wa mwisho thelathini na tatu.
Deni likafa. Jina halikupona.
Miaka sita lazima itimie ndipo daftari linisahau;
imebaki miezi kumi na minne.

Siwan akasema, acha wazi, nani atachungulia?
Siwan anauza keki.
Benki huchungulia.
Na kazi yenyewe, kichekesho chake,
ni kuwapigia simu waliochelewa kulipa.

Nikaandika:
"Ndiyo. Pauni 1,913. Nilikuwa na mtoto mchanga
na barua ambazo sikuzifungua. Nimelipa zote. Risiti ninazo.
Siku hizi nafungua barua kabla sijavua koti."
Zikabaki herufi hamsini.
Nikatia humo samahani, nikaifuta,
nikairudisha, nikaifuta tena.
Samahani kwa nani? Ile kampuni
ilishaliuza deni langu kwa kampuni nyingine
kabla sijajua jina la ya kwanza.

Wakaniita.
Chumba cha vioo, birika la maji lisiloguswa na mtu.
Bwana Probert akaisoma sentensi yangu kwa sauti,
polepole, kama mtu anayehesabu chenji,
na masikio yangu yakawaka moto.
Halafu Bi Treharne akauliza:
mteja asiyejibu simu wala barua,
wewe ungemwambia nini?

Nilikuwa nimekariri jibu zuri, lenye neno "taratibu" mara tatu.
Likanitoka lingine:
ningemuuliza kikapu chake cha mkate kiko wapi.

Probert hakucheka.
Kalamu ya Bi Treharne ilisimama, kisha ikaandika,
na maandishi yake ni madogo mno kusomwa kichwa chini;
nilijaribu.

Walisema watanijulisha Alhamisi.
Leo Ijumaa.
Bahasha imeanguka mkekani,
nimeichana kwa meno nikiwa bado na koti, mvua ikinichuruzika.
Bili ya maji.
Nimeisoma yote hata hivyo, mstari kwa mstari,
hadi zile nambari ndogo za chini kabisa
za kupigia ukiwa na shida.